Mungu hujibuje maombi? Yanayosimuliwa katika Biblia, na kwa nini mgonjwa asiache dawa

Katika maswali ya dini yanayotufikia kituoni, kuna mawili ambayo hayakosi. La kwanza: "Nimeomba, nimefunga, nimekesha, mbona sijajibiwa?" La pili: "Nimeombewa na nimeambiwa nimepona. Je, niendelee kumeza vidonge?"

Maswali hayo ni ndugu. Yote mawili yanategemea jinsi mtu anavyoelewa jibu la Mungu. Anayeamini kwamba jibu ni lazima liwe "ndiyo", tena leo, atajilaumu likichelewa. Au atalazimisha kuliona hata pale ambapo halipo, na wengine wamelipa kosa hilo kwa uhai wao.

Katika makala hii tunaeleza imani ya Kikristo inavyofundisha kuhusu jambo hili. Hatuandiki ili kumhubiria mtu, maana wasikilizaji wetu ni wa madhehebu na dini mbalimbali. Tumetaja sura za Biblia ili mwenye kitabu ajisomee mwenyewe.

Kwa ufupi, mambo ni matatu. Kupewa ulichoomba ni aina moja tu ya jibu. Kunyimwa ulichoomba si ushahidi kwamba imani yako ni haba. Na dawa haigombani na maombi.

Kuomba ni kufanya nini?

Ukienda kwa wakala wa pesa za simu ukaingiza namba ya siri iliyo sahihi, unapewa pesa zako. Ni haki yako, na wakala hana hiari. Wapo wanaodhani maombi yako hivyo: ukipata maneno sahihi, siku sahihi za kufunga na mtumishi sahihi, Mungu hana budi kutoa.

Biblia haifundishi hivyo. Yesu alipowafundisha wanafunzi wake kuomba (Mathayo 6 na Luka 11), aliwaambia waanze kwa kumwita Mungu Baba. Katika sala hiyo, ombi la chakula cha kila siku linakuja baada ya ombi kwamba mapenzi ya Mungu yatimizwe. Anayeomba ni mtoto anayezungumza na mzazi, naye mzazi ana akili yake na anaona mbali kuliko mtoto.

Katika Mathayo 7 Yesu anatoa mfano wa mtoto aliyeomba mkate. Hakuna baba atakayempa jiwe. Wengi huusoma mfano huo kama ahadi ya kupewa chochote. Lakini tukiutazama vizuri, unaahidi kwamba Baba hutoa vitu vyema. Mtoto akililia panga achezee, mzazi mwema hampi, hata akilia mpaka usiku.

Vipi kuhusu kuomba "kwa jina la Yesu"? Hayo nayo si maneno ya kufungulia mlango. Fikiria kijana aliyetumwa dukani na mwenye nyumba. Kwa jina la aliyemtuma atapewa sukari aliyoagizwa. Hawezi kwa jina hilohilo kujichukulia soda zake. Kuomba kwa jina la Yesu ni kuomba yale ambayo Yesu mwenyewe angeyaombea. Barua ya kwanza ya Yohana, sura ya 5, inasema waziwazi kwamba Mungu husikia tunapoomba sawasawa na mapenzi yake.

Jibu la kwanza: ndiyo

Biblia imejaa watu waliopewa walichoomba. Hana (1 Samweli 1) hakuwa na mtoto, na mke mwenzake Penina alimchokoza mwaka hadi mwaka. Alipoomba hekaluni midomo ilicheza bila sauti, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Baadaye alimzaa Samweli. Msomaji wa haraka huruka jambo moja: Hana aliondoka hekaluni uso ukiwa umebadilika, akala chakula, kabla hajapata mimba. Mzigo ulikuwa umeanza kushuka kabla ya mtoto kuja.

Eliya aliomba mvua baada ya ukame wa miaka (1 Wafalme 18). Wakulima wanaosoma makala hii watalielewa vizuri jambo hili. Alimtuma mtumishi wake akatazame upande wa bahari mara saba. Mara ya saba ndipo kilipoonekana kiwingu kidogo, ukubwa wa mkono wa mtu. Mara sita za kwanza hakukuwa na kitu. Mpaka leo, mvua zikichelewa na mbegu zikianza kukauka ardhini, makanisa ya vijijini hukusanyika kuiombea mvua.

Jibu la pili: subiri

Abrahamu aliondoka Harani akiwa na miaka 75 (Mwanzo 12), akiwa ameahidiwa kuwa taifa kubwa. Isaka alizaliwa Abrahamu akiwa na miaka 100 (Mwanzo 21). Hiyo ni miaka 25 ya kungoja. Katikati ya miaka hiyo yeye na Sara walichoka, wakajaribu njia yao wenyewe kupitia Hajiri, na nyumba ikaingia ugomvi.

Katika Luka 18 Yesu anamtaja mjane aliyemfuata hakimu asiyejali mtu, akidai haki yake bila kuchoka mpaka hakimu akakubali. Maana yake si kwamba Mungu ni kama hakimu yule na anahitaji kusumbuliwa. Ni kinyume chake: ikiwa hata hakimu mbaya alisikiliza, Baba mwema atasikiliza zaidi. Luka anaeleza mwanzoni mwa mfano huo sababu ya kutolewa kwake: watu wasikate tamaa ya kuomba. Hilo linaonyesha kwamba hata wanafunzi wa Yesu walikuwa na sababu ya kukata tamaa.

Jibu la tatu: hapana

Hapa ndipo mahubiri mengi ya siku hizi hunyamaza. Biblia yenyewe hainyamazi.

Musa aliomba avuke Yordani aione nchi ambayo aliwaongoza watu miaka 40 kuiendea. Aliambiwa asilirudie tena neno hilo (Kumbukumbu la Torati 3). Aliiona nchi kwa macho akiwa mlimani, na akafia ng'ambo.

Daudi alifunga na kulala chini siku saba akimwombea mtoto wake mgonjwa (2 Samweli 12). Siku ya saba mtoto alikufa. Watumishi waliogopa kumwambia. Daudi alipojua, alioga, akaenda nyumbani mwa Bwana kuabudu, kisha akaomba chakula.

Mtume Paulo alikuwa na taabu mwilini aliyoiita mwiba. Aliomba mara tatu uondolewe (2 Wakorintho 12). Haukuondolewa. Aliambiwa kwamba neema ya Mungu itamtosha. Paulo huyu ndiye ambaye Matendo ya Mitume yanasimulia kwamba wagonjwa wengi waliponywa kwa mikono yake.

Na yupo Yesu mwenyewe. Usiku wa Gethsemane (Mathayo 26) aliomba mara tatu kwamba, kama inawezekana, kikombe cha mateso kimwepuke. Alimaliza kwa kuyakabidhi mapenzi kwa Baba. Kesho yake alisulubiwa.

Kwa hiyo anayesema kwamba kila asiyepata alichoomba ana upungufu wa imani, aulizwe: je, Yesu alipungukiwa na imani Gethsemane? Hakuna kanisa la Kikristo linaloweza kujibu ndiyo.

Petro na Yakobo: mwaka mmoja, majibu mawili

Kama una muda wa kusoma sura moja tu, soma Matendo ya Mitume 12.

Sura inaanza kwa Mfalme Herode kumuua kwa upanga Yakobo, ndugu yake Yohana. Kisha akamkamata Petro. Kanisa likamwombea Petro kwa bidii. Usiku ule, Petro akiwa amefungwa minyororo katikati ya askari wawili, malaika alimtoa gerezani. Alikwenda mpaka nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana Marko, ambako watu walikuwa wamekusanyika kuomba, akabisha. Binti aliyeitwa Roda alipokwenda mlangoni aliitambua sauti, akakimbia kuwaambia wenzake kwa furaha hata akasahau kufungua. Nao walimwambia ana wazimu.

Tazama mambo mawili. Kwanza, waliokuwa wakiomba hawakuamini jibu lilipobisha hodi. Ikiwa jibu lingetegemea ukubwa wa imani yao, Petro angebaki gerezani. Pili, Yakobo alikufa na Petro akapona, na wote wawili walikuwa mitume, wapendwa wa kanisa lilelile. Luka hasemi kwamba Yakobo alikuwa na dhambi ya siri au kwamba aliombewa vibaya. Hatoi sababu yoyote.

Waebrania 11, sura inayojulikana kwa kusifu watu wa imani, inasema vilevile. Wapo walioepuka upanga kwa imani, na wapo waliouawa kwa upanga wakiwa na imani hiyohiyo. Wote wamewekwa katika orodha moja.

Mama aliyefiwa na mtoto wakati mtoto wa jirani amepona akikuuliza, "Nilikosea wapi?", sura hizi mbili zinamjibu: hakuna mahali palipoandikwa kwamba ulikosea.

Jibu linalokuja kupitia mikono ya watu

Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa (2 Wafalme 20). Aliomba kwa machozi, naye nabii Isaya akarudishwa kumwambia kwamba ameongezewa miaka 15. Kisha Isaya akaagiza waandae tini zilizopondwa, wakazibandika kwenye jipu, na Hezekia akapona. Zamani tini zilitumika kama dawa ya majipu. Ahadi ya Mungu ilikuja pamoja na dawa, siku ileile na kupitia nabii yuleyule.

Mfano huo hauko peke yake. Nehemia alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu na maadui wakatishia kushambulia, watu waliomba na wakaweka walinzi usiku na mchana (Nehemia 4). Timotheo alikuwa na tumbo linalomsumbua mara kwa mara. Paulo hakumwambia tu aombe. Alimshauri atumie mvinyo kidogo kama tiba (1 Timotheo 5). Trofimo, mwenzake Paulo katika safari, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4). Luka, ambaye mapokeo ya Kanisa yanamtaja kuwa mwandishi wa Injili na Matendo, anaitwa tabibu katika Wakolosai 4.

Upande wa pili, Yakobo 2 anamkemea mtu anayemwona ndugu hana nguo wala chakula, akamtakia heri bila kumpa kitu. Kwa lugha ya kijijini: ukimwombea jirani apate chakula na debe lako la mahindi limejaa, huenda wewe ndiye jibu analolingoja.

Ndiyo maana makanisa yamejenga hospitali. Bugando jijini Mwanza iko chini ya Kanisa Katoliki, KCMC mjini Moshi ina mizizi katika makanisa, Peramiho na Ndanda zilianzishwa na watawa Wabenedikto, na Kijabe nchini Kenya ni ya kanisa la AIC. Katika hospitali za namna hiyo mgonjwa huombewa na kuchomwa sindano, na hakuna anayeona kwamba moja linamtukana mwenzake.

Je, maombi yanaweza kupimwa na madaktari?

Wamejaribu. Utafiti unaojulikana zaidi ulichapishwa mwaka 2006 nchini Marekani, ukiongozwa na daktari Herbert Benson. Ulihusisha wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Waligawanywa makundi matatu. Kundi moja liliombewa bila kuambiwa kwa hakika, la pili halikuombewa na vikundi vya utafiti, nalo halikuambiwa, na la tatu liliombewa na likajulishwa.

Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza na asilimia 51 katika la pili, yaani karibu sawa. Katika kundi la tatu walikuwa asilimia 59.

Asiyeamini atasema hilo linaonyesha maombi hayaponyi. Muumini atajibu kwamba Mungu si kidonge cha kupimwa, na kwamba ndugu wa wagonjwa wa makundi yote huenda walikuwa wakiomba nyumbani. Sisi tunaona jambo moja ambalo pande zote zinaweza kukubaliana: maombi hayafanyi kazi kama mashine ambayo ukiweka hiki hutoka kile. Kwa Mkristo hilo si geni. Musa na Paulo walilijua zamani.

Ni nini huzuia maombi?

Wengi wameambiwa kwamba maombi yao yamezuiwa kwa sababu hawajatoa sadaka ya kutosha au hawajapanda "mbegu" kwa mtumishi fulani. Tumetafuta vizuizi ambavyo Biblia inavitaja, na hivi ndivyo tunavyoviona.

Isaya 1: Mungu anakataa sala za watu ambao mikono yao imejaa damu, na anawataka wamtetee yatima na mjane.

Mithali 21: anayeziba masikio asisikie kilio cha maskini, naye atalia asisikilizwe.

Mathayo 5: ukiwa na ugomvi na ndugu yako, uache sadaka yako pale, ukapatane naye kwanza.

1 Petro 3: mume aishi na mkewe kwa heshima, maombi yao yasije yakazuiliwa.

Yakobo 4: kuomba kwa ajili ya tamaa zako tu.

Karibu vyote vinahusu jinsi unavyoishi na watu. Hakuna hata kimoja kinachohusu kumlipa anayekuombea. Elisha alikataa zawadi za Naamani baada ya kumponya, na Gehazi mtumishi wake aliyezikimbilia kwa siri alipata ukoma (2 Wafalme 5). Simoni, aliyetaka kununua kwa fedha uwezo wa mitume, alikemewa vikali na Petro (Matendo 8).

Kutoa sadaka kanisani ni jambo jingine, nalo lina mahali pake. Lakini anayekuwekea bei ya kuombewa, au anayekupa namba ya simu ya kutuma pesa ndipo akutajie siku ya muujiza wako, hakuupata mfano huo kwa Elisha wala kwa Petro.

Makanisa yanatofautiana wapi?

Wakatoliki na Waorthodoksi huomba pia kwa kuwasihi watakatifu wawaombee, kama mtu anavyomwomba mwenzake amwombee. Wakatoliki wana sakramenti ya mpako wa wagonjwa na desturi ya novena, yaani sala ya siku tisa. Walutheri na Waanglikana wana sala zilizoandikwa za kuwaombea wagonjwa, na humwomba Mungu moja kwa moja kupitia Yesu. Wapentekoste huweka mkazo kwenye kuwekea mikono, kunena kwa lugha na kutoa ushuhuda, na hutarajia uponyaji wa muujiza hata leo. Waadventista wa Sabato hufundisha kwa mkazo kwamba kutunza afya ni sehemu ya imani.

Wengi wao hurejea Yakobo 5, inayosema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Angalia anayeita ni nani: ni mgonjwa, na wazee ndio wanaokwenda kwake.

Mahali watu walipoumia

Tunataja matukio matatu yanayojulikana. Lengo si kuwacheka walioumia. Walikuwa watu wenye shida za kweli.

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, mkoani Arusha, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyesema ameonyeshwa dawa hiyo na Mungu. Bei ilikuwa shilingi 500. Foleni za magari zilienea kilomita nyingi. Wapo wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona.

Tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa katika uwanja wa Majengo, wakikanyagana walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoelezwa kuwa ya upako.

Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya wafuasi wa kikundi kimoja cha dini, ikazidi 400, watoto wakiwemo. Wachunguzi walisema watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kufunga kunakofundishwa na makanisa kuna mwanzo na mwisho, na hakumhusu mtoto mchanga, mjamzito wala mgonjwa anayehitaji chakula ili anywe dawa.

Ukiambiwa umepona, fanya hivi

Yesu alipomponya mwenye ukoma (Mathayo 8), alimtuma aende akajionyeshe kwa kuhani. Kwa sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyekuwa mkaguzi: alichunguza ngozi na kutangaza kama mtu ni mzima. Waliponywa kumi katika Luka 17 nao walitumwa kwa makuhani. Kwa leo, mkaguzi huyo yuko zahanati. Kwenda kupimwa si kumkosea Mungu heshima. Kama umepona, kipimo kitakushuhudia.

Kabla ya kipimo na neno la mhudumu wa afya, usiache dawa. Kila ugonjwa una sababu yake:

VVU: dawa zikitumika vizuri, virusi hupungua mpaka kipimo cha wingi wa virusi kisivione. Wengine husema huo ndio uponyaji, wakaacha vidonge. Virusi bado wamejificha mwilini, na dawa zikiachwa huongezeka tena.

Kifua kikuu: matibabu ya kawaida ni miezi sita. Kikohozi huweza kupungua baada ya wiki chache tu. Anayeachia hapo huweza kurudiwa na ugonjwa uliozoea dawa, na kuwaambukiza wa nyumbani.

Shinikizo la damu: mara nyingi halina maumivu. Kujisikia vizuri hakumaanishi limeondoka. Watu wengine hulitambua baada ya kiharusi.

Kisukari: anayetegemea sindano za insulini anaweza kufa ndani ya siku chache akiziacha.

Kifafa: kuacha vidonge ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo zisizokoma.

Ukiwa na mtoto mwenye homa, anayeshindwa kunyonya au anayepumua kwa shida, mpeleke kituo cha afya kwanza na muombe mkiwa njiani. Sala ya kwenye bodaboda husikiwa sawa na ya madhabahuni.

Ukiendelea kungoja

Katika kitabu cha Zaburi kuna sala nyingi za malalamiko. Zaburi ya 13 inamuuliza Mungu ataendelea kumsahau mtu mpaka lini. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inamalizikia gizani, bila neno la kufariji mwishoni. Waliokusanya Biblia hawakuitoa. Maana yake, kwa Mkristo, kumwambia Mungu kwamba umechoka nako ni kuomba.

Na ukiwa jirani wa anayengoja, jifunze kwa rafiki za Ayubu. Walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno (Ayubu 2), na hapo walimfaa. Walipoanza kumtafutia kosa lake ndipo walipokosea, na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea wao.

Kwa hiyo ukienda kumwona mgonjwa, usimuulize ametenda nini wala ameamini kiasi gani. Mwombee kama ndiyo imani yako. Mchotee maji, mpikie uji, mkumbushe saa ya dawa, na kama siku ya kliniki imefika na hana nauli, mchangieni. Asubuhi hiyo anaweza kusema bila kusita kwamba Mungu amemjibu.